Amri Imepokelewa

Brigedia alikuwa ameshauacha mnara nyuma yake, anateremka kilima na kitanda kichwani. Sisi wa benchi tuliona kwanza miguu minne ya mbao imeelekea mbinguni, chini yake miguu miwili ya mtu, na katikati hakuna uso. Godoro kalikunja kalifunga mgongoni kwa kamba ya kuanikia nguo. Mkononi ana birika, ndani ya birika mna kijiko, na kila hatua kijiko kinalia kama kengele ya mbuzi aliyepotea.

"Kitanda kinahama chenyewe," alisema Bi Chujio, akaendelea kumimina kahawa.

Benchi hilo liko mbele ya kibanda cha fundi cherehani tunayemwita Mkasi. Jina si la kazi yake, ni la ulimi wake: habari ya mtu ikipita kwake hutoka imepunguzwa mikono na kuongezwa marinda. Bi Chujio anauza kahawa ubavuni mwa kibanda, na neno la mtu yeyote hulichuja kwanza, makapi anakurudishia mwenyewe. Tangazo ndiye mpiga mbiu wa mtaa, anazunguka na kipaza sauti kutangaza mikutano na vitu vilivyopotea. Hata akikuomba sukari kwa siri, nyumba ya nyuma wanajibu kwamba hawana. Wa nne ni mimi, mtu wa njia, niliyekaa kwenye mabenchi mengi na sijapata lenye fitina tamu kama hilo.

Mawingu yalikuwa yametukalia siku nyingi kama mgeni asiyejua kuaga, na asubuhi hiyo Tangazo alikuwa na habari kwenye simu yake. Kampuni ya mnara wa kilimani imetangaza maendeleo. Minara yote ambayo nguzo za umeme hazijaifikia, ile inayoishi kwa jua na betri na jenereta la akiba, sasa itasimamiwa kutoka makao makuu. Jua likikosekana, bwana mmoja huko mbali, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, atatuma amri kwa simu na jenereta litaunguruma kilimani bila mkono wa mtu. Tena ataona mafuta yamebaki kiasi gani, joto limefika wapi, na mlango kama umefungwa.

"Kwa kidole kimoja," Tangazo alisoma, na mbwa wa jirani akaamka.

Bi Chujio alitaka kujua ni kidole kipi, maana vidole havilingani. Tangazo akamwambia ni kidole cha kisasa. Mkasi, midomo imejaa pini, akasema yeye haoni cha ajabu hapo.

"Mama mkwe wangu anaiendesha nyumba yangu kutoka kwake tangu nioe," alisema. "Anajua mafuta yamebaki kiasi gani, anajua nani kaacha mlango wazi, na hajafunga hata antena."

Kitanda kikafika. Brigedia akakitua pembeni ya barabara, akakaa juu yake, akaomba kahawa kama mtu aliye nyumbani kwake, na kwa kweli kwa wakati ule hicho kitanda ndicho kilikuwa nyumbani kwake. Jeshini hajawahi kupita hata kuuliza njia. Cheo kilitokana na koti lake la rangi ya jeshi. Miaka yote alikuwa mlinzi wa mnara, analala kwenye chumba cha bati ndani ya uzio, na jua likikosa nguvu anaamka kuwasha jenereta. Mtu akimuuliza kwao ni wapi, huonyesha ile taa nyekundu ya juu kabisa.

"Ndiyo basi," alisema. "Nimeambiwa nikabidhi ufunguo leo. Injinia yuko njiani anakuja kuuchukua."

Tukamuuliza kosa ni nini, au ni hicho kidole tu. Akasema kidole peke yake kingemwacha amalizie mwaka. Kosa ni kwamba tangu kisanduku cha amri kifungwe pale kwenye jenereta, kila makao makuu wakituma amri liwake, linazimika. Wakituma tena, linazimika tena. Wakakaa, wakafikiri kisomi, wakaamua kwamba ni mlinzi anayenyata kulizima kwa mkono ili kisanduku kionekane hakifai. Mtu wa hujuma. Kwa hiyo chumba aondoke, na kazi ya mlinzi ifutwe kabisa.

"Na ulilizima?" Bi Chujio akamuuliza.

"Mama, mimi nilikuwa nimelala."

"Hilo tunaliamini. Tatizo lako ni kwamba wao hawakujui kama sisi."

Tangazo hakukubali. Alisema chombo hakina mdomo wa kusema uongo, chombo hakina shangazi wala chama, kikisema mtu kazima basi mtu kazima. Brigedia akamwambia kile kisanduku ni kimbea tu kilichozaliwa bila miguu. Wiki iliyopita kilipeleka habari hadi makao makuu kwamba juu ya bomba la moshi kuna kitu kisichojulikana, na simu zikapigwa, na mtu mkubwa akatoka kwenye kikao, kumbe ni suruali yake alikuwa anaikausha.

"Suruali ile kaishona Mkasi," Bi Chujio akasema. "Hata ningekuwa mimi ningeripoti kitu kisichojulikana."

Tulicheka, ila Brigedia hakucheka sana. Alikuwa anakitazama kilima. Nikamuuliza sasa anaelekea wapi, akajibu bila kufikiri, "Kwa dada."

Hapo Mkasi akaacha kucheka. Dada wa Brigedia ndiye mke wa Mkasi. Ni muuza mkaa, tunamwita Mama Mkaa. Nyumba yao ni chumba na sebule, na sebule ina watoto, ina cherehani ya akiba, na kwenye kona ina kuku anayeatamia ambaye hakuna aliyethubutu kumhamisha.

"Shemeji, karibu sana," alisema Mkasi kwa sauti ya mtu anayepimwa urefu wa jeneza. "Ila hicho kitanda, kinakunjwa?"

"Hakikunjwi."

"Na wewe?"

Brigedia akamhakikishia kwamba yeye hana shida, kona inamtosha, na wala hataki makuu. Akakumbusha tu kwamba amezoea kulala karibu na jenereta, kwa hiyo amejifunza kukoroma kwa nguvu ili ajisikie yupo. Mkasi akazitazama pini zake kama anayechagua ya kumeza.

Ndipo tukamwona Mama Mkaa anakuja. Alikuwa na simu ya mumewe, ile aliyoiacha nyumbani tangu jana ijazwe chaji, ameishika kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya nje. Hakusalimia. Hata kitanda cha mdogo wake alikipita kama hakuna kitanda.

"Benchi mnisikilize," alisema. "Nyie ndio mashahidi wake wa kila siku. Leo mtaniambia huyu mwanamke ni nani."

Mkasi akatema pini moja moja kiganjani.

Kwa maelezo ya Mama Mkaa, kuanzia jana jioni namba asiyoijua inaandika ujumbe kwenye simu ya mumewe, na si ujumbe wa kutaka kushonewa gauni. Akataka mtu asome kwa sauti ili Mkasi asije akasema ameongezewa chumvi. Tangazo akajitolea. Hilo lilikuwa kosa la kwanza la Mama Mkaa siku ile, maana Tangazo hana sauti ndogo, na barabara yote ikasimama kusikiliza.

"Habari. Mimi niko tayari," Tangazo akasoma. Akakohoa kidogo. "Joto limenipanda." Akatutazama, akaendelea. "Nimebaki robo. Nijaze." Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo akaitua. "Natikisika kuliko kawaida. Halafu huu ni wa asubuhi hii. Mlinzi hayupo. Mlango uko wazi. Niko peke yangu."

Bi Chujio akafunika birika lake kwa kitambaa, kama linaweza kusikia.

Mkasi aliapa kwa macho yake, kwa cherehani yake, na kwa yule kuku. Mama Mkaa hakumtazama. Alisema kinachomuuma zaidi ni ule ujumbe wa mwisho. "Kumbe ana mume, na mume wake ni mlinzi. Maskini ya Mungu ametoka tu kwenda kutafuta riziki, yeye huku nyuma ameshafungua mlango."

Brigedia, juu ya kitanda chake, akatikisa kichwa kwa huruma. "Walinzi tunaonewa sana kwenye ndoa," alisema, mtu ambaye hajawahi kuoa.

"Lakini nimemjibu," Mama Mkaa akasema. "Soma nilivyomjibu."

Tangazo akasoma. Mama Mkaa alikuwa ameandika, wewe ni mwanamke mzima, huna haya kuandikia waume za watu. Na jibu lilikuja pale pale, kwa herufi kubwa: amri imepokelewa. Akaandika tena, siku nikikupata nitakuwasha kofi usahau jina lako. Jibu: amri imepokelewa, asante.

"Mmesikia," alisema Mama Mkaa. "Namwahidi kofi, ananishukuru. Mwanamke wa namna hiyo nitamshinda kwa kitu gani?"

Mkasi akasema kwa unyonge kwamba mwanamke mwenye adabu kiasi hicho yeye hajawahi kukutana naye maishani. Hilo halikumsaidia. Mama Mkaa akaipokonya simu kutoka kwa Tangazo, akaandika mbele yetu, kidole cheusi cha mkaa kinagonga kioo kama kinapiga msumari, huku akijisomea kwa sauti: wewe mtu mzima hovyo, mimi ndiye mwenye nyumba.

Akatuma.

Sasa kuna mlio ambao umeuzoea mpaka huusikii tena. Jenereta la kilimani lilikuwa linaunguruma tangu Brigedia aliwashe asubuhi kwa sababu ya yale mawingu, na hakuna mtu aliyekuwa analisikia. Tulilisikia liliponyamaza.

Simu ikalia. Mama Mkaa akasoma, "Amri imepokelewa. Nimezimika." Akatuonyesha. "Sasa anajifanya kazimia. Hanijui huyu." Akaandika, inuka hapo, au nitakuwasha la pili.

Jenereta likakohoa mara moja, likaunguruma.

Bi Chujio akaliinua lile neno kichwani mwake, akalichuja, akakitazama kilima, akamtazama Mama Mkaa.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hebu mtukane tena."

Akamtukana tena. Mtu mzima: kimya kilimani. Nitakuwasha: mngurumo. Brigedia alikuwa amesimama juu ya kitanda. Midomo yake ilikuwa inarudia ule ujumbe wa asubuhi polepole, mlinzi hayupo, mlango uko wazi, na ghafla akajishika kifuani.

"Mlinzi ni mimi," alisema. "Na mlango niliuacha wazi kwa sababu ya kitanda."

Ikabidi ajieleze. Jana Injinia alimpigia, akamwomba namba ya mtu wa karibu. Yeye akafikiri ni mtu wa karibu kwa damu, wa kuitwa likimpata la kumpata, akatoa namba ya shemeji yake. Kumbe Injinia alitaka mtu wa karibu kwa miguu, mtu jirani na mnara, ambaye kisanduku kitampa taarifa na yeye ataruhusiwa kukituma. Ile namba ikaingizwa. Kwa hiyo yule mwanamke aliyepandwa na joto, anayetikisika, anayetaka kujazwa, alikuwa jenereta.

Mtu mwingine angeona aibu. Mama Mkaa alijifuta jasho kwa mkono, akaacha mstari mweusi kwenye paji la uso, akasema, "Basi hata jenereta nimelikomesha." Kisha akamgeukia mumewe, akamwambia asifurahi mapema, maana lile kosa la mwezi uliopita bado liko pale pale.

Baada ya hapo ilikuwa kama watoto wamepewa filimbi. Kila mtu alitaka kulituma jenereta kwa simu ile. Tangazo aliandika kama anavyotangaza, wananchi nyote familia nzima mnakumbushwa, na kilima kikanyamaza. Mkasi akaandika, wasikushawishi wala kukuwashawasha, na kilima kikaitika. Mama wa ndoo akaomba zamu, akamtumia jenereta maneno yote aliyokuwa amemwekea jirani yake, na tukagundua kwamba hakuna tusi wala salamu katika lugha yetu isiyoweza kuzima au kuwasha kitu.

Mwisho simu ikafika kwa Brigedia. Yeye hakucheka. Alisema anataka kuaga tu, maana asubuhi alitoka na kitanda kichwani na hakupata nafasi. Akaandika kwa muda mrefu, kidole kimoja. Nilikuwa ubavuni pake nikasoma: kwaheri mwenzangu, nilikuazima miaka yangu yote na wewe hukunirudishia neno baya.

Akatuma. Kilima kikanyamaza.

"Azima," alisema Bi Chujio. "Na humo imo."

Mama Mkaa akachukua simu aliwashe. Akaandika kofi lake la kawaida. Simu ikafikiri, ikafikiri, ikasema ujumbe haujatumwa. Akajaribu tena. Tangazo akatoa yake, haina mtandao. Ya Brigedia, ya mama wa ndoo, zote. Betri za mnara zilikuwa zimechoka siku nyingi, bila jua zinavumilia kidogo tu, na sisi tulikuwa tumezichezea. Mnara umelala. Na ili uamke, ni lazima utumiwe ujumbe, na ujumbe wenyewe unapita kwenye mnara. Ni kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba, kisha akaingia kulala kwenye banda akingojea nyumba imfungulie.

Watu walianza kutoka nje wameinua simu juu kama wanaotafuta ndege. Brigedia akakaa kitandani, taratibu. Wiki nzima alikuwa akiapa kwamba hajalizima jenereta. Sasa alikuwa amelizima, mashahidi tupo, na gari la kampuni lilikuwa linapanda barabara.

Injinia alishuka na kofia ngumu kichwani na viatu vyenye matope ya mahali pengine. Ni binti mpole, mwenye usingizi machoni. Alisema amempigia Brigedia sasa hivi hapatikani.

"Leo hapatikani mtu yeyote, mwanangu," Bi Chujio akamwambia. "Kunywa kahawa."

Hakunywa. Alisikiliza upande wa kilima, akanyoosha mkono, Brigedia akampa ufunguo. Akapanda mwenyewe. Muda si muda jenereta likaunguruma, simu zote zikaanza kulia pamoja, na yeye akarudi, akakaa kwenye ncha ya benchi, akauliza kwa upole nani amelizima.

Benchi lote tukaangalia mawingu, kama watu wanaopima mvua.

"Ni mimi," akasema Brigedia. "Hizo nyingine sikuzima. Hii ya leo ni mimi."

"Usimsikilize," Mama Mkaa akaingilia. "Mimi ndiye niliyeanza. Nilikuwa namtukana."

"Nani?"

"Jenereta."

Injinia akapokea kahawa. Alielezwa yote, na watu wanne kwa wakati mmoja, na nadhani alielewa mapema kuliko tulivyomaliza, maana alianza kujishika kichwa tulipofika kwenye mtu mzima. Akatueleza na yeye. Kisanduku kililetwa na maneno ya kigeni, makao makuu wakataka kiongee Kiswahili, mtu akakaa ofisini alasiri moja akageuza. Wakaamua kiseme mimi, ili wananchi wakione kama mwenzao. Na kwa kuwa wakubwa hawajui kuandika neno moja, lazima waanze na salamu na husika na kichwa cha habari hapo juu, kisanduku kikafundishwa kutafuta washa na zima popote yalipo, hata yakiwa yamefukiwa.

Akakiweka kikombe chini.

"Mkuu wa kitengo ndiye anayetuma amri," alisema. "Anaandika kila siku maneno yale yale, na mimi ananipa nakala. Ni lazima jenereta liwashwe mara moja." Akalirudia polepole, anajisikiliza mwenyewe. "Liwashwe. Humo hamna washa. La-zima."

Benchi lilichukua pumzi moja.

"Kwa hiyo aliyekuwa analizima ni mkuu," Mkasi akasema, na kabla hajamaliza alikuwa ameshashika upande mmoja wa kitanda. "Shemeji, nyanyuka, turudi kilimani kabla mvua haijanyesha."

Injinia akamwambia akitue kwanza. Kumsafisha Brigedia atamsafisha, hilo ni la haki na ataliandika. Lakini kazi imeshafutwa, mkuu ameshatangaza kidole mbele ya magazeti, na mtu aliyetangaza kidole hawezi kurudi kwenye mkono. Kinachowezekana leo ni kubadilisha maneno tu. Brigedia akauliza kama ile njia nyingine ya ujumbe isiyopita kwenye mnara, waliyoahidiwa, imefika. Injinia akasema iko kwenye mchakato, na sote tukaelewa kwamba haipo.

Tukaanza kutafuta maneno. Tangazo akapendekeza amka na lala. Bi Chujio akayarudisha: umeamka salama, lala unono, mnara utakuwa unapiga magoti na kusimama siku nzima. Mkasi akasema anza na koma. Mkewe akamuuliza ni siku gani yeye hajamwandikia utakoma. Acha haikufika mbali, kwa sababu nusu ya ndoa za mtaa zinaandikiana nitakuacha. Nilitoa umeshinda, nikijiona nimepata, nikaulizwa watu watasalimiana vipi jioni bila umeshindaje.

"Nataka maneno ambayo hakuna mtu hapa ataandika kwa bahati mbaya," Injinia akasema, amechoka. "Maneno ambayo hamyaandiki kabisa."

"Naomba radhi," alisema Mama Mkaa.

Tulidhani anamwomba Injinia. Alikuwa anamtazama mumewe. Bi Chujio akalichuja, hakupata makapi. Tukaulizana mmoja mmoja, na ni kweli, hakuna aliyewahi kuliandika, kwa mkewe, kwa jirani, kwa mtu yeyote. Injinia akaliingiza kuwa la kuwasha. Kwa la kuzima, Bi Chujio akatoa maneno kosa langu, na benchi lote likakubali kwamba hilo ni salama zaidi.

Jioni ile kitanda kilikwenda kwa Mama Mkaa. Hakikuingia mlangoni, kikakaa barazani kimesimamishwa wima, na Brigedia akalala sakafuni upande wa kuku.

Mengine nimeyapata baadaye, mengi kwa Injinia, kidogo kwa Tangazo. Mawingu yalirudi, betri zikashuka, na amri ikatakiwa kutoka makao makuu. Kule kuna kioo kikubwa ukutani, kila amri inatokea pale na jina la aliyeituma, ofisi nzima inaona. Mkuu wa kitengo alikataa kuandikwa pale mkuu wa kitengo, naomba radhi. Akamwagiza msaidizi, msaidizi akasema aombe radhi kwa kosa gani na yeye alikuwa likizo. Kikaitishwa kikao. Kikao kikaunda kamati. Kamati ikiwa inachagua mwenyekiti, mnara ukalala, na baada ya huo mwingine, na mwingine. Wakapendekeza maneno yabadilishwe, ila ombi la kubadilisha lilikuwa na sehemu ya kujaza nani alikosea, ikabaki tupu. Mwisho walituma gari kumchukua Brigedia.

Sasa Brigedia yuko kwenye chumba chake cha bati, anawasha na kuzima kwa mkono. Kwenye hesabu za kampuni si mlinzi, maana kazi hiyo ilifutwa. Anaitwa mfumo wa dharura. Mkuu wa kitengo amepandishwa cheo. Injinia amehamishiwa minara ya mbali zaidi, anapenda. Namba ya Mkasi ilifutwa kwenye kisanduku, na Mama Mkaa anaendelea kuikagua simu. Kuku aliangua saba. Tangazo alipoteza sauti kwa mafua, imerudi. Bi Chujio anauza kahawa. Mimi niliondoka mvua zilipokatika.